Mbwa wa Nani, au Mbwa wa Kwa Nani? Lugha, Ujirani na Mbwa Wasiofungwa Kamba Kalemie

Kalemie mbwa wengi hawafungwi kamba. Asubuhi wanatoka kwenye viwanja vya nyumba, wanapita avenyu, wanafika sokoni na ufukweni kunakoanikwa ndagala, na jioni wanarudi walikolala. Mgeni anayewaona huuliza: “Mbwa huyu wa nani?” Mara nyingi hujibiwa kwamba si wa mtu. Mgeni huandika kwenye daftari lake “mbwa asiye na mwenyewe” na kuendelea na safari yake. Lakini mbwa huyohuyo ana mahali anapolala, ana mtu anayemmwagia mabaki ya bukari, na ana jina ambalo akiitwa hugeuza kichwa.

Tofauti hii kati ya jibu linalotolewa na hali ilivyo ni jambo la lugha, na ndiyo mada ya makala haya. Nitaeleza kwanza jinsi mbwa wasiofungwa wanavyowafanya watu wazungumze, katika nchi zilizowajengea bustani maalumu na kwetu ambako avenyu nzima ndiyo bustani. Kisha nitaeleza namna kimilikishi cha Kiswahili kinavyofanya kazi tunapozungumza juu ya mbwa. Mwishoni nitaonyesha kwa nini jambo hili linawahusu wote wanaojitolea kupambana na kichaa cha mbwa, na kwa nini wanafunzi wa isimu wana kazi ya kufanya hapo.

1. Bustani ya mbwa na watu wake

Katika miji mingi ya Marekani na Ulaya sheria inataka mbwa afungwe kamba awapo nje ya nyumba. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia wala kucheza na wenzake, kwa hiyo wenye mbwa wakaomba sehemu zilizozungushiwa uzio ambamo kamba inaruhusiwa kufunguliwa. Bustani inayotajwa mara nyingi kuwa ya kwanza ya aina hiyo ni Ohlone Dog Park, mjini Berkeley, California, iliyofunguliwa mwaka 1979 kwa majaribio. Mji ulitoa ardhi. Wakazi wenyewe waliunda chama cha kuitunza. Mpaka leo bustani nyingi za namna hiyo zinasimama kwa nguvu ya watu wa kujitolea. Wanaokota kinyesi, wanajaza maji kwenye mabeseni, wanatengeneza geti lililolegea, wanamweleza mgeni taratibu, wanaamua nani atoke mbwa wake akizidi ukali.

Kinachomvutia mwanaisimu hapo ni mazungumzo. Mwaka 1991 wanasosholojia Robins, Sanders na Cahill walichapisha utafiti kuhusu watu wanaokutana bustanini na mbwa wao. Walionyesha kwamba mgeni hupokelewa kupitia mbwa wake. Mbwa wanakaribiana kwanza, wenyewe wanafuata. Maneno ya mwanzo huwa juu ya mbwa, au huelekezwa kwa mbwa mwenyewe. Watu wasiojuana, ambao wangepishana barabarani bila hata salamu, wanapata ruhusa ya kuzungumza. Katika mazingira kama hayo ni kawaida mtu kulijua jina la mbwa muda mrefu kabla ya kulijua la mwenyewe, na kumtambua mwenzake kama “mama yake fulani” au “baba yake fulani”, fulani huyo akiwa mbwa.

Kwetu tunaujua utaratibu huo wa kumwita mtu kwa kupitia kiumbe mwingine: Mama Furaha, Baba Amani. Kwetu huyo wa kupitia kwake ni mtoto. Lakini kazi ni ileile. Jina la mdogo linampa mkubwa nafasi katika jamii, na linawapa majirani namna ya kumwita bila kuligusa jina lake mwenyewe.

2. Kusema na mbwa, kusikiwa na mtu

Mwaka 2004 mwanaisimu Deborah Tannen aliandika juu ya familia za Kimarekani zinazozungumza kupitia wanyama wao. Mtu anataka kumlaumu mwenzake kwa kuacha vitu ovyo sebuleni. Badala ya kumwambia moja kwa moja, anamwambia mbwa, au anajifanya ni mbwa anayesema. Lawama inafika, lakini imepita kwa mnyama, kwa hiyo haiumi sana na inaweza kugeuzwa mzaha.

Kwa maneno ya Erving Goffman, katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu namna za mazungumzo, msemaji mmoja anaweza kugawanywa sehemu tatu: anayetamka maneno, aliyeyatunga, na yule ambaye msimamo wake ndio unaosemwa. Upande wa wasikilizaji nako kuna anayeelekezewa maneno waziwazi, kuna aliyepo tu, na kuna anayesikia kwa mbali. Mbwa akiwekwa katikati, sehemu hizo zinatengana. Anayeelekezewa maneno ni mbwa. Anayetakiwa kuyasikia ni jirani aliye upande wa pili wa ua.

Jambo hili lilikwisha kufanyiwa utafiti Afrika pia. Wendy Schottman, katika makala ya mwaka 1993, alieleza jinsi Wabaatombu wa kaskazini mwa Benin wanavyowapa mbwa majina yanayotokana na methali. Mtu aliyekosewa na jirani, asiyetaka kugombana lakini asiyetaka pia kunyamaza, humpa mbwa wake kipande cha methali kuwa jina. Kila anapomwita, methali inasikika. Jirani anayeijua humalizia mwenyewe kipande kilichobaki. Mwaka 2004 Liveson Tatira alieleza jambo la namna hiyohiyo kwa Washona wa Zimbabwe: jina la mbwa ni mazungumzo ya kimya kati ya watu wawili, na mbwa ni mbebaji tu.

Mbwa wa namna hiyo lazima awe huru. Jina halifanyi kazi ikiwa mbwa amefungwa ndani ya ua, kwa sababu hakuna haja ya kumwita kwa sauti. Mbwa akitangatanga ndipo mwenyewe anapata sababu ya kusimama mlangoni na kuita mpaka avenyu yote isikie. Ukosefu wa kamba ndio unaolipa jina uwanja.

3. Majina ya mbwa kwetu

Anayesikiliza katika kartie zetu atakutana na majina ya aina mbili kubwa. Aina ya kwanza ni ya nguvu au ya kigeni: Simba, Chui, Tiger, Bobi, Jack. Haya humsifu mbwa au humpa sura ya mlinzi. Aina ya pili ni ya sentensi nzima au ya kitenzi. Tuchukue mfano wa mbwa aitwaye Watasema. Kisarufi hili ni umbo lenye kiambishi cha nafsi ya tatu wingi, wakati ujao, na shina -sema. Wa- hiyo haina jina. Ni akina nani watakaosema? Kila anayesikia anajipima mwenyewe. Mwenye mbwa akiulizwa anaweza kujibu kwamba ni jina tu, na hakuna wa kumshitaki.

Msomaji atakumbuka kanga za pwani na maneno yake. Mwanamke anavaa maandishi yaliyotungwa na kiwanda. Msimamo ni wake, maneno si yake. Mbwa mwenye jina la sentensi hufanya kazi hiyo ya kanga kwa tofauti moja: kanga inasomwa pale ilipo mvaaji, mbwa anafika hata kwa yule asiyetembelewa.

Nalitaja hili kwa sababu linatuonyesha kwamba mbwa mwenye jina si mbwa wa ovyo. Jina ni ushahidi wa uhusiano. Mtu aliyempa mbwa jina amejitangaza kwa majirani kuwa ana habari na mbwa huyo, hata kama siku ya kuulizwa atasema “si wangu”. Majina hayo pia yanajulikana na wengi. Watoto wa avenyu ndio kamusi yake: wanajua mbwa gani anaitwaje, anaitika kwa nani, na analala wapi.

4. Majina waliyopewa na wengine

Kuna pia maneno ambayo watu huwabandika mbwa wasiowajua. Kiswahili cha Tanzania kina mbwa koko, yaani mbwa asiye na asili ya kujivunia na anayezurura. Neno hili ni hukumu zaidi kuliko maelezo. Haliulizi mbwa anakula wapi. Linasema tu kwamba hahesabiki.

Mfano mkubwa zaidi uko karibu nasi. Katika maonyesho ya mbwa duniani kuna aina inayojulikana kwa jina la basenji, mbwa mdogo wa Kongo, mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, ambaye habweki kama mbwa wengine. Kwa sababu hiyo wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni ili wasikie alipo porini. Mbwa wawili wa aina hiyo walionyeshwa Uingereza katika maonyesho ya Crufts mwaka 1895, lakini wakafa kwa ugonjwa. Mwaka 1937 mwanamke Mwingereza, Olivia Burn, aliwaonyesha tena, na jina basenji likaenea.

Neno lenyewe tunalijua. Ni washenzi. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara, na misafara iliyovuka kutoka Ujiji hadi pwani yetu ya magharibi ililibeba neno hilo mpaka ndani ya Kongo. Katika Lingala likawa basenji, watu wa porini. Na mbwa wao wakawa mbwa wa basenji. Leo neno hilo limekuwa pia jina la aina ya mbwa, na anayemnunua kwa bei kubwa huko ng'ambo huenda hajui kwamba anamwita kwa tusi la msafara.

Kuna mafunzo mawili hapo. Kwanza, jina alilopewa mbwa na mtu wa nje hueleza zaidi jinsi mtu huyo anavyowaona wenye mbwa. Pili, mbwa aliyeonekana kuwa hana mwenyewe alikuwa na wenyewe, tena waliomfunza kazi na kumvika kengele.

5. Silabi moja katika kimilikishi

Turudi sasa kwenye swali la mgeni. Katika Kiswahili sanifu, mbwa ni nomino ya ngeli ya N kwa umbo lake, lakini kwa kuwa ni kiumbe mwenye uhai huchukua upatanisho wa ngeli ya watu: mbwa mkubwa amekuja. Kimilikishi pia hufuata njia hiyo: mbwa wangu, ng'ombe wangu. Kwa maneno ya jamaa na uhusiano ni tofauti: ndugu yangu, rafiki yangu, hata adui yangu. Sarufi sanifu inamweka mbwa pamoja na mali iliyo hai, na inawaweka ndugu na rafiki mahali pengine.

Katika mazungumzo ya kila siku mashariki mwa Kongo upatanisho huo umelegea. Ya- imeenea mahali ambapo kitabu kinataka wa-, na mtaani husikika imbwa, kama katika Kibemba na lugha kadhaa za Kibantu. Anayesema imbwa yangu hatofautishi tena mali na jamaa kwa kiambishi. Lakini lugha haikubaki bila njia ya kutofautisha. Imetumia kwa.

Linganisha maswali haya mawili:

Imbwa ya nani?
Imbwa ya kwa nani?

Na majibu haya mawili:

Ni yangu.
Ni ya kwetu.

Swali la kwanza linamtafuta mtu. Linauliza nani mwenye mali: aliyemnunua, anayeweza kumuuza, atakayelipa mbwa akiuma mtoto wa watu au akiua kuku. Swali la pili linatafuta nyumba. Kwa ni neno la mahali. Kwetu ni mahali petu, nyumbani, mara nyingine kijiji au kartie nzima. Mtu anayesema “ni ya kwetu” hajajitwika deni. Amesema tu kwamba mbwa huyu ana kituo chake, na kituo hicho ni hapa.

Kwa hiyo mtu mmoja anaweza, bila kusema uongo, kujibu “si yangu” kwa swali la kwanza na “ni ya kwetu” kwa swali la pili, kuhusu mbwa yuleyule. Mbwa aliletwa na mjomba aliyekwisha kuhamia Moba. Analishwa na bibi. Watoto ndio wanaocheza naye. Usiku analinda viwanja vitatu. Yangu haitoshi kueleza hali hiyo, na anayejibu “hapana” anajibu kwa usahihi alichoulizwa.

Kiswahili sanifu pia kinaruhusu umbo hilo: mbwa wa kwa Mama Fulani. Walimu wengi huliona refu na kulifupisha kuwa mbwa wa Mama Fulani. Mfano wa mbwa unaonyesha kwamba ufupisho huo unapoteza maana. Umbo refu linabeba taarifa ambayo fupi halina.

6. Kwa nini silabi hii ni suala la uhai

Kichaa cha mbwa huua karibu watu 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Asilimia 99 ya watu wanaoambukizwa huambukizwa na mbwa. Takriban 4 kati ya kila watu 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huu ni watoto walio chini ya miaka 15. Virusi huingia kwa mate kupitia jeraha, hufuata mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, na safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, ingawa inaweza kuwa wiki moja au mwaka. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, kinga ipo: kuosha jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha kwenda hospitali kupata chanjo.

Kuchanja watu baada ya kuumwa ni ghali, na dawa haipatikani kila mahali. Njia ya kudumu ni kuwachanja mbwa. Wataalamu wanakubaliana juu ya kipimo cha asilimia 70: mbwa 7 kati ya 10 wakichanjwa, na kazi hiyo ikirudiwa kila mwaka kwa sababu watoto wapya wa mbwa wanazaliwa na wakubwa wanakufa, ugonjwa hukosa pa kupita. Shirika la Afya Duniani na washirika wake wamejiwekea lengo la kufikisha vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa kwenye sifuri ifikapo 2030.

Jambo hili limejaribiwa katika ukanda wetu. Nchini Tanzania, vijiji vinavyoizunguka hifadhi ya Serengeti vimekuwa na kampeni za kuchanja mbwa kwa zaidi ya miaka 20. Watafiti wa huko walionyesha kwamba sehemu kubwa ya mbwa wanaozurura wana nyumba, na wengi wanaweza kufikishwa kwenye kituo cha chanjo wakiletwa na watu wanaoishi nao. Kisiwani Pemba ugonjwa ulitokomezwa mwaka 2014, ukaingia tena mwaka 2016, na ukatokomezwa upya mwaka 2018 kwa kurudia chanjo kisiwa kizima. Nchini Kenya, eneo la Laikipia lina kampeni iliyoanza mwaka 2015 kwa nguvu ya watu wa kujitolea.

Sasa tazama hesabu ya asilimia 70 inavyotegemea lugha. Ili kujua umefika 7 kati ya 10, lazima ujue 10 ni wangapi. Mtu wa kujitolea anapita nyumba kwa nyumba na karatasi: “Je, una mbwa? Mbwa huyu ni wako?” Kila “hapana” inamtoa mbwa mmoja kwenye hesabu ya wenye nyumba na kumtia kwenye hesabu ya mbwa koko. Mbwa wa namna hiyo hawatarajiwi kuletwa na mtu, na mahali pengine hesabu kubwa ya mbwa koko imekuwa sababu ya kuamua wauawe badala ya kuchanjwa. Kuua hakusaidii: nafasi iliyoachwa hujazwa na mbwa wengine ambao hawajachanjwa, na watu huficha waliobaki.

7. Maneno mengine yanayokwamisha

Kimilikishi si shida pekee. Jina la ugonjwa lenyewe lina mtego. Kichaa humfanya msikilizaji amtafute mbwa mkali anayekimbia huku na huku akiuma kila kitu. Sura hiyo ipo. Lakini ugonjwa huu una sura nyingine ya utulivu: mbwa anakaa kimya, taya linalegea, mate yanatoka, miguu inakosa nguvu. Mwenye huruma hufikiri mfupa umemkwama kooni, anamfungua mdomo kwa mikono yake. Neno kichaa halikumwonya. Anayetangaza mtaani anapaswa kuzitaja sura zote mbili.

Kichaa cha mbwa pia husikika kama ugonjwa wa mbwa peke yake. Mtu anapoanza kuogopa maji wiki nyingi baada ya jeraha dogo lililokwisha kupona, familia haiunganishi mambo hayo mawili. Inaweza kutafuta mchawi kati ya majirani. Ni bora tangazo liseme waziwazi: ugonjwa wa kuumwa na mbwa, unaoua watu.

Neno kuchanja nalo lina historia. Maana yake ya zamani ni kukata au kutia chale, kama katika kuchanja kuni. Chanjo ya hospitali ilichukua jina kutoka hapo. Mzee anayesikia kwamba mbwa watachanjwa anaweza kufikiri juu ya wembe na dawa ya kumfanya mbwa awe mkali. Kuongeza kwamba ni sindano ya kinga kunaondoa shaka.

Na kuna lugha yenyewe inayotumika. Kiswahili kinafika kila kartie ya Kalemie, lakini wengi nyumbani wanaongea Kitabwa, Kiluba, Kibembe au Kiholoholo, na bibi anayemlisha mbwa ndiye mara nyingi asiyefuata vizuri Kiswahili cha redioni.

8. Kujitolea kwa namna ya wanafunzi wa lugha

Bustani ya Berkeley ilihitaji watu wa kuokota kinyesi na kutengeneza geti. Sisi hatuna geti. Lakini avenyu isiyo na uzio nayo hutunzwa na watu wasiolipwa: wale wa salongo wanaofagia na kuzibua mitaro, reko wanaopita nyumba kwa nyumba siku za chanjo ya watoto, shefu wa avenyu anayejua nani amehama na nani amehamia. Utaratibu wa kufikia kila mlango upo tayari. Kinachokosekana kwa mbwa ni maneno sahihi ya kusema mlangoni, na hapo ndipo elimu yetu inapohitajika.

Napendekeza dodoso fupi la maswali manne, badala ya lile la “una mbwa?”:

Kuna mbwa wanaolala hapa kwenu? Ni wangapi?
Nani huwapa chakula?
Wanaitwa nani?
Wakiitwa, wanamwitikia nani?

Hakuna swali hata moja linalotaja mali. La kwanza linauliza mahali. La pili linamtafuta mlezi. La tatu linathibitisha uhusiano, na pia linasaidia kutomhesabu mbwa mmoja mara mbili anapolala kwa hawa na kula kwa wale. La nne ndilo la kazi, kwa kuwa linamtaja mtu anayeweza kumleta mbwa kwenye sindano bila kumfukuza mtaa mzima. Mara nyingi mtu huyo atakuwa mtoto. Kwa hiyo tangazo lipite shuleni pia, na mtoto aambiwe aje na mtu mzima, kwa sababu mbwa anayemtii mwenziwe wa kucheza anaweza kumuuma mgeni mwenye sindano.

Kadi ya chanjo nayo ibadilishwe. Palipoandikwa “jina la mwenye mbwa” paandikwe “mbwa wa kwa nani”. Mtu atakubali jina la nyumba yake liandikwe hapo kwa urahisi kuliko kutia sahihi kwamba yeye ndiye mwenye mali.

Mapendekezo haya yanaweza kupimwa kwa kazi ndogo. Wanafunzi wawili wachague avenyu mbili zinazofanana, mmoja aulize kwa maswali ya zamani na mwingine kwa haya mapya, kisha tulinganishe idadi ya mbwa tutakaowapata. Kazi hiyo inafaa kabisa kwa tasnifu ya lisansi, na haihitaji chombo chochote zaidi ya daftari. Wenzetu wa mifugo na wa afya watajua la kufanya na orodha tutakayowapa. Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Orodha ikiwa tayari kabla ya siku hiyo, watakaoanza na chanjo watajua ni nyumba zipi za kubisha hodi.